Nitrati Katika Maji ya Kisima: Kihisi Kinapima Nini, na Nambari Yake Ina Maana Gani?

Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, baridi na bila harufu yoyote, na bado yakawa na kitu kinachoweza kumdhuru mtoto mchanga. Kitu hicho kinaitwa nitrati. Jicho haliioni, ulimi hauionji, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Njia ya kujua kama imo na ni kiasi gani ni kuipima.

Kwa wakaazi wa Mombasa jambo hili ni la kila siku. Maji yetu ya mfereji husafiri mbali: chemchemi za Mzima, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere na Tiwi. Hayatoshi mahitaji ya jiji. Mfereji unapokauka, familia nyingi huteka kisimani au hununua mtungi wa lita 20 kwa mchuuzi wa mkokoteni, ambaye mara nyingi naye amejaza mitungi yake kisimani.

Siku hizi vipo vifaa vidogo vya mkononi vinavyoweza kupima nitrati pale pale kisimani na kutoa jibu kwa dakika chache. Huitwa vihisi vya elektrokemia. Vinasaidia sana, lakini nambari vinayotoa inaweza kumpotosha mtu asiyejua imepatikanaje. Makala haya yanaeleza nitrati inatoka wapi, kihisi kinaipima vipi, kinaweza kukosea wapi, na wewe mkaazi ufanye nini ukishapewa nambari.

NITRATI INATOKA WAPI?

Nitrati ni muungano wa nitrojeni na oksijeni. Kwa mimea ni chakula, ndiyo maana mkulima hununua mbolea kama CAN au DAP, au husambaza samadi shambani. Mashambani, mbolea isiyotumiwa na mimea huoshwa na mvua na kuzama ardhini.

Mjini chanzo kikubwa ni sisi wenyewe. Mkojo na kinyesi vina nitrojeni nyingi. Katika choo cha shimo au shimo la maji taka, nitrojeni hiyo kwanza huwa amonia, ile inayowasha pua chooni. Ikifika kwenye udongo wenye hewa, bakteria huibadilisha kuwa nitriti, kisha nitrati.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Chembe za udongo zina chaji hasi ya umeme, kwa hivyo hushika vizuri vitu vyenye chaji chanya. Nitrati nayo ina chaji hasi. Udongo haiishiki, ikafuata maji popote yanapokwenda, hadi kisimani.

Sehemu kubwa ya ukanda wetu ulio karibu na bahari imekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Mawe haya yana nyufa na matundu, na maji hupita humo kwa kasi. Visima vyake ni vifupi, na katika mitaa yenye nyumba zilizosongamana, choo na kisima huwa jirani. Watafiti waliochunguza maji ya chini ya ardhi huko Kisauni miaka ya 2000 walitaja vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka miongoni mwa vyanzo vikuu vya uchafuzi wa visima.

Kiwango cha nitrati hakikai pale pale mwaka mzima. Mvua kubwa baada ya kiangazi inaweza kusukuma kwa mkupuo nitrati iliyokuwa imejikusanya ardhini. Kisima kilichopimwa mwezi wa Februari na kuonekana salama kinaweza kutoa jibu tofauti mwezi wa Mei.

NANI YUKO HATARINI?

Walio hatarini zaidi ni watoto walio chini ya miezi sita wanaolishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji yenye nitrati nyingi.

Mwaka wa 1945, daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, alichapisha ripoti kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati. Walikuwa wamepewa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani, na visima hivyo vilikuwa na nitrati nyingi. Tangu hapo ugonjwa huo umejulikana kwa jina la mtoto wa samawati. Jina lake la kitabibu ni methemoglobinemia.

Hutokea hivi. Ndani ya tumbo la mtoto mchanga, bakteria huweza kuigeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti huingia kwenye damu na kuiharibu hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Mwili wa mtu mzima hurekebisha uharibifu huo haraka. Mwili wa mtoto mchanga bado hauna uwezo huo wa kutosha, na mtoto anayeharisha huwa katika hatari zaidi. Damu imo, mtoto anapumua, lakini oksijeni haifiki mwilini inavyotakiwa.

Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi ni rahisi kuyakosa. Tazama midomo, ufizi, ulimi na kucha. Zikiwa na rangi ya samawati au ya kijivujivu, mtoto akawa mlegevu au anahema kwa shida, mpeleke hospitalini mara moja. Mweleze daktari kwamba mtoto amekuwa akinywa maji ya kisima. Ugonjwa huu unatibika ukiwahiwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mpaka wa miligramu 50 za nitrati kwa kila lita ya maji ya kunywa. Mpaka huo uliwekwa kwa kumlinda hasa mtoto huyu anayelishwa kwa chupa. Mama anayenyonyesha mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, kama wahudumu wetu wa afya wanavyoshauri, anamkinga pia na hatari hii.

KUTOKA MAABARA HADI KISIMANI

Kwa miaka mingi njia ya kupima nitrati ilikuwa moja: kujaza maji kwenye chupa safi, kuyaweka kwenye baridi na kuyapeleka maabara ndani ya siku mbili. Njia hiyo bado ndiyo ya kutegemewa zaidi, na ndiyo inayotumika kunapokuwa na mzozo au uamuzi mkubwa. Kasoro yake ni muda na gharama. Afisa mmoja akitaka kujua hali ya visima 40 katika wadi moja, itambidi asafirishe chupa 40 na asubiri.

Zipo pia karatasi za kuchovya majini zinazobadilika rangi. Ni za bei nafuu na zinatosha kumwambia mtu "kidogo", "wastani" au "nyingi sana". Lakini kulinganisha rangi kwa jicho, kwenye jua kali au gizani ndani ya nyumba, ni kazi ya kukisia.

Kihisi cha elektrokemia kipo katikati. Kinatoa nambari kamili, kinabebeka mfukoni au kwenye begi, na kinaweza kupima visima vingi kwa siku moja. Wapo pia wanaokiacha ndani ya maji kwa majuma kikituma vipimo kwa simu, ingawa hilo linahitaji uangalizi wa karibu.

KIHISI KINAFANYA KAZI VIPI?

Neno elektrokemia linaunganisha mambo mawili: umeme na kemia. Kihisi cha aina hii hugeuza kiasi cha kemikali iliyomo majini kuwa ishara ya umeme inayoweza kusomwa.

Kinachotumika zaidi kwa nitrati ni elektrodi yenye utando wa kuchagua. Ifikirie kama kijiti kinene kiasi cha kalamu. Ncha yake imefunikwa utando mwembamba wa plastiki ulio laini, uliotiwa kemikali maalumu inayoelewana na nitrati kuliko na vitu vingine. Ndani ya kijiti mna maji yenye nitrati ya kiasi kinachojulikana.

Kijiti kinapochovywa kisimani, nitrati iliyo nje inakutana na utando huo. Vitu vingine hubaki nje, nitrati huingia kidogo kwenye uso wa utando na kuleta chaji yake hasi. Kwa sababu kiasi cha ndani na cha nje si sawa, tofauti ndogo ya umeme hujitokeza kati ya pande mbili za utando. Nitrati ya nje ikibadilika, tofauti hiyo nayo hubadilika.

Ili kuipima tofauti hiyo panahitajika elektrodi ya pili ambayo umeme wake haubadiliki, maji yawe ya aina gani. Hii huitwa elektrodi ya marejeleo. Ni kama fundi mwashi anayepima urefu wa ukuta: lazima awe na mstari mmoja chini ambao hausogei. Vifaa vingi vya kisasa vimeweka elektrodi zote mbili ndani ya kijiti kimoja.

Umeme unaozungumziwa hapa ni mdogo mno. Mwanakemia wa Ujerumani Walther Nernst, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1920, ndiye aliyeandika kanuni inayouhusisha umeme huo na kiasi cha kemikali. Kwa kanuni hiyo, katika nyuzi joto 25, nitrati ikiongezeka mara kumi umeme wa elektrodi hushuka kwa takriban milivolti 59. Betri ndogo ya tochi ina milivolti 1,500. Kwa hivyo kati ya maji yenye miligramu 10 za nitrati na maji yenye miligramu 100, tofauti anayoisoma mpimaji ni kama sehemu moja ya 25 ya betri hiyo.

Kifaa hupokea milivolti hizo, hupiga hesabu, na huandika kwenye kioo chake: miligramu kadhaa kwa lita. Kifaa cha kupimia uchachu wa maji, kinachojulikana kama mita ya pH, hufanya kazi kwa msingi huo huo.

Kuna aina ya pili ya kihisi. Hii husukuma umeme kidogo kwenye elektrodi, mara nyingi ya shaba au fedha, ili kuilazimisha nitrati ibadilike kuwa nitriti au amonia. Nitrati ikiwa nyingi, mkondo wa umeme unaopita huwa mkubwa. Wanasayansi wengine huweka kwenye elektrodi kimeng'enya kinachotoka kwa viumbe hai ili kazi hiyo iwe rahisi. Vihisi vya aina hii bado vinafanyiwa utafiti mwingi katika vyuo vikuu. Afisa akija mtaani kwako na kihisi cha mkononi, yamkini ni ile aina ya kwanza.

KIHISI KINAWEZA KUKOSEA WAPI?

Kwa sababu umeme wenyewe ni mdogo, kosa dogo huzaa kosa kubwa. Milivolti moja ikipotea, jibu hukosea kwa takriban asilimia 4. Zikipotea milivolti 10, maji yenye miligramu 59 yanaweza kusomeka kuwa na 40. Yaani maji yaliyovuka mpaka wa WHO yanaandikwa kuwa salama, na mama anakorogea maziwa akiwa na imani kamili. Mambo manne husababisha makosa ya namna hii.

La kwanza ni kutosawazishwa. Utando wa kihisi huchakaa kidogo kidogo, kwa hivyo umeme wa leo si lazima uwe sawa na wa jana kwa maji yale yale. Dawa yake ni kukisawazisha kifaa kabla ya kazi. Mpimaji huchovya kihisi kwenye maji ya kipimo yanayojulikana yana, kwa mfano, miligramu 10, kisha kwenye yenye miligramu 100, na kifaa hujifunza upya. Kihisi kisichosawazishwa ni kama mizani ya sokoni ambayo haijakaguliwa: itatoa nambari, lakini hakuna anayejua kama ni ya kweli.

La pili ni chumvi, na hili linatuhusu sana sisi watu wa Pwani. Utando huchagua nitrati, lakini hauchagui kikamilifu. Kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi ya kawaida, nayo ina chaji hasi na hupenya kidogo. Katika visima vya bara vyenye maji baridi athari yake ni ndogo. Katika kisima kilicho karibu na bahari, ambapo maji ya chumvi yamepenya ardhini, kloridi inaweza kuwa nyingi mara kumi au mia kuliko nitrati. Hapo kihisi huhesabu sehemu ya kloridi kana kwamba ni nitrati. Kisima chenye miligramu 1,000 za kloridi kwa lita kinaweza kuonyesha miligramu kadhaa za nitrati ambayo haimo. Ndiyo maana kisima cha maji ya magadi au ya chumvichumvi kinafaa kupimwa chumvi kwanza. Nambari ikiwa karibu na mpaka, sampuli yake ipelekwe maabara, ambako kuna njia za kuiondoa kloridi au za kupima nitrati bila kusumbuliwa nayo.

La tatu ni joto. Maji ya kipimo yaliyokaa juani ndani ya gari na maji yaliyotoka kisimani sasa hivi hayana joto sawa, na umeme wa elektrodi hubadilika na joto. Mpimaji mzuri huyaacha yote yafikie joto moja kabla ya kusoma.

La nne ni haraka na uchafu. Kihisi huhitaji dakika moja au zaidi nambari itulie. Kisipooshwa kwa maji safi baada ya kila kisima, kinaweza kubeba nitrati ya kisima cha jirani na kukihesabia kisima chako. Na utando ukikauka au ukizeeka hauna budi kubadilishwa, hata kama kifaa bado kinawaka.

NAMBARI MBILI ZINAZOCHANGANYA WATU

Hata kipimo kikiwa sahihi, bado kuna mtego katika jinsi matokeo yanavyoandikwa. Maabara na vifaa vingine huhesabu uzito wa nitrati nzima, yaani nitrojeni pamoja na oksijeni yake. Vingine huhesabu uzito wa nitrojeni peke yake, na kuandika "nitrati kama nitrojeni" au herufi NO3-N. Ni maji yale yale, lakini nambari ni tofauti kabisa.

Kubadilisha ni rahisi: chukua nambari ya nitrojeni, zidisha kwa 4.43, upate nitrati. Mpaka wa WHO wa miligramu 50 za nitrati ni sawa na takriban miligramu 11 za nitrojeni.

Tazama mfano huu. Karatasi ya matokeo inasema 12. Mkaazi anayejua kwamba mpaka ni 50 anafurahi na kuendelea kutumia kisima. Lakini kama 12 hiyo ni ya nitrojeni, nitrati ni miligramu 53, na kisima kimevuka mpaka. Usikubali nambari tupu. Uliza imehesabiwa kwa njia gani.

MASWALI YA KUMUULIZA MPIMAJI

Awe ni afisa wa serikali, mtafiti wa chuo, shirika au fundi uliyemlipa mwenyewe, una haki ya kumuuliza maswali haya, na mpimaji anayejua kazi yake hataudhika:

1. Kifaa kimesawazishwa leo? Kwa maji ya kipimo ya kiasi gani?

2. Nambari hii ni ya nitrati au ya nitrojeni?

3. Chumvi ya kisima imepimwa pia? Imekuwa kiasi gani?

4. Umepima mara ngapi? Kipimo kimoja si cha kutegemewa. Viwili au vitatu vinavyokaribiana vinatia moyo.

5. Nambari ikiwa karibu na mpaka, sampuli itapelekwa maabara gani na jibu litarudi lini?

6. Kisima kitapimwa tena baada ya mvua?

Andika majibu pamoja na tarehe, na uyahifadhi. Kisima chenye kumbukumbu ya vipimo vya misimu kadhaa kinaeleweka vizuri zaidi kuliko chenye kipimo kimoja, hata kiwe kizuri vipi.

NAMBARI IKIWA JUU, NIFANYE NINI?

Kwanza, usikoroge maziwa wala uji wa mtoto mchanga kwa maji hayo, na usimnyweshe. Tafuta maji ya mfereji, ya chupa, au ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi na kuhifadhiwa kwenye tangi lenye kifuniko. Maji ya mvua kwa kawaida huwa na nitrati kidogo sana, ila yanapaswa kutiwa dawa au kuchemshwa kwa sababu ya vijidudu.

Pili, usiyachemshe maji ya kisima hicho ukitumaini kuondoa nitrati. Hili ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema kuliko yote. Maji yanapochemka, mvuke huondoka na nitrati hubaki. Ukianza na lita mbili ukaachia zichemke hadi ibaki moja, nitrati katika kila lita imekuwa maradufu.

Tatu, usidanganywe na dawa zisizofanya kazi hiyo. Klorini huua vijidudu lakini haigusi nitrati. Kitambaa, mchanga, na mkaa wa kuchujia haviiondoi. Vinavyoiondoa ni mitambo ya kuchuja kwa shinikizo, kama ile inayotumiwa kuondoa chumvi, mitambo ya kubadilishana ioni, au kuyakeneka maji. Anayekuuzia chujio na kudai linaondoa nitrati, mtake apime maji kabla na baada ya kuchuja, mbele yako.

Nne, kisima kinaweza kuendelea kutumika kwa kufua, kuosha nyumba na chooni. Nitrati haipenyi ngozi kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa hivyo hakuna sababu ya kukifunga kisima kwa hofu.

Tano, tafuta chanzo. Choo kiko umbali gani kutoka kisimani, na kipo upande wa juu au wa chini wa mteremko? Shimo la maji taka limejaa au limepasuka? Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima hutajwa mara nyingi kama kipimo cha chini cha usalama, lakini katika mawe ya matumbawe yenye nyufa maji machafu yanaweza kusafiri mbali zaidi. Ukipanga kuchimba kisima kipya au kujenga choo kipya, muone kwanza afisa wa afya ya umma.

KIHISI HAKIONI VIJIDUDU

Tumalizie na jambo moja ambalo ni rahisi kulisahau. Kihisi cha nitrati huona nitrati tu. Hakioni bakteria wa kipindupindu, wala wa homa ya matumbo, wala wa kuhara.

Nitrati nyingi katika kisima cha mjini ni dalili kwamba maji ya chooni yamepata njia, kwa hivyo kisima hicho kipimwe vijidudu pia. Lakini kinyume chake si kweli. Kisima chenye nitrati kidogo bado kinaweza kuwa na vijidudu, kwa mfano kama ndoo za kutekea ni chafu au mdomo wa kisima hauna kifuniko, au kama taka za chooni zimefika kisimani kabla bakteria wa udongoni hawajapata muda wa kutengeneza nitrati. Endelea kuyatia dawa au kuyachemsha maji ya kunywa ya kisima chenye nitrati ndogo. Kazi mbili, dawa mbili.

WAPI PA KUANZIA

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Jedwali la Nne limekabidhi huduma za maji na usafi kwa serikali za kaunti. Ukitumia kisima na hujui nitrati yake, anza kwa afisa wa afya ya umma katika wadi yako au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea mtaa wenu. Kwa vipimo vya maabara, Idara ya Mkemia wa Serikali ina maabara hapa Mombasa.

Ukipeleka sampuli mwenyewe, tumia chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima, ijaze, ifunge, iandike jina la mahali na tarehe, na uiweke kwenye barafu hadi ifike.

Na kama nyumbani mna mtoto aliye chini ya miezi sita anayelishwa kwa chupa, usisubiri zamu ya kupimiwa. Tumia maji mengine kwa maziwa yake kuanzia leo, hadi utakapopewa nambari ya kisima chako na kuielewa.